Dar hadi Mwanza kwa ndege: kilomita zinadanganya, na saa za tiketi pia

Dhana: Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100.

Hizo ni za basi, linalopita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Ndege haina shida na kona za barabara. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza, angani ni kama kilomita 850. Ukikuta pameandikwa 460, hawajakosea: hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani, na kila moja ni kilomita 1.852.

Dhana: Jeti inakwenda kilomita 800 kwa saa, kwa hiyo gawanya tu.

Mwendo huo ndege huupata ikishafika juu. Kabla ya hapo inatambaa ardhini, inasubiri zamu ya kuruka, inapanda; ikikaribia kutua inapunguza mwendo, na pengine inazungushwa ili ipishe nyingine. Tazama Dar na Zanzibar: kilomita 73 hivi. Kwa kugawanya ungefika baada ya dakika tano na nusu, lakini safari huchukua kama dakika 20. Mwanza kwa jeti ni kama saa moja na nusu. Kwa pangaboi, zaidi.

Dhana: Tiketi ikisema 10:45, ndege inaondoka saa kumi na moja kasorobo jioni.

Hili linaniuma. Mama yangu mdogo alifika uwanjani saa tisa alasiri na kiroba cha nazi za wajukuu, na ndege yake ilikwishatua Mwanza tangu mchana. Alimwonyesha mhudumu tiketi, kidole kikiwa juu ya ile 10, akisisitiza kuwa amewahi.

Tiketi huanza kuhesabu saa usiku wa manane. Sisi tunaanza asubuhi. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita: 10:45 ni saa tano kasorobo asubuhi, na saa kumi na moja kasorobo ya jioni huandikwa 16:45. Zile za alfajiri ongeza sita: 05:30 ni saa kumi na moja na nusu. Tafadhali, ukimkatia mzazi tiketi, mwandikie saa ya Kiswahili pembeni kwa kalamu. Mwambie pia kwamba hiyo ni saa ya ndege kuondoka ilipoegeshwa, na kaunta hufungwa mapema zaidi.

Dhana: Kuondoka Dar 16:45 na kufika Dubai 23:15 ni safari ya saa sita na nusu.

Kila uwanja huandikiwa saa za kwao, na Dubai wametutangulia kwa saa moja. Kwa hizo karibu kilomita 4,000, umesafiri saa tano na nusu. Wakati wa kurudi hesabu inageuka: ukiondoka Dubai 10:00 na kutua Dar 14:30, tiketi inaonyesha kama umetumia saa nne na nusu tu, kumbe ni zile zile tano na nusu.