Kumbe Anaimba

Kila msimu wa kusi nyangumi wenye nundu hupanda kutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, nami huwafuata na haidrofoni, yaani maikrofoni ya kuzamisha majini. Mwaka juzi nahodha wangu, mzee wa Watamu, aliomba avae vipokea sauti. Chini pale dume lilikuwa likiunguruma, kisha likatoa mlio mwembamba kama bawaba yenye kutu, kisha likaanza upya, vilevile. Mzee akavivua taratibu. "Kumbe anaimba huyu, mwanangu."

Marekani nako mambo yalibadilika kwa njia ya masikio. Huko visiwani Bermuda, mhandisi Frank Watlington alikuwa akitegea sauti za baharini kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, akanasa milio hiyo. Aliificha, akihofia wawindaji wangeitumia kuwatafutia nyangumi. Mwaka 1967 akawapa watafiti Roger na Katy Payne, na uchunguzi ukaonyesha kuwa milio ile ina mpangilio, beti zinazorudiwa. Santuri ya milio hiyo ilipotoka mwaka 1970, watu waliomjua nyangumi kama mafuta ya majarini na sabuni wakamsikia sebuleni kwao.

Sisi watu wa sauti tunaipenda mno hadithi hii, na mara nyingi tunaitia chumvi, kana kwamba wimbo pekee ndio uliowaokoa nyangumi. Waingereza waliacha kuwinda Antaktika mwaka 1963, kabla ya santuri, kwa sababu nyangumi walikuwa karibu kwisha na mafuta ya mimea yalikuwa rahisi. Karne ya 20 pekee iliua karibu nyangumi milioni 2.9, hesabu hiyo ingefilisi biashara yoyote. Wimbo ulifanya kazi pale ambapo kukosa faida pekee hakukutosha kumzuia mtu: uliwapa wanaharakati umma uliokwisha kuwa na huruma, na serikali zikalazimika kuusikiliza. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kusimamisha uwindaji wa kibiashara, na uamuzi ukaanza kutekelezwa msimu wa 1985/86. Si wote waliokubali: Norway bado inawinda, na Japani ilijitoa kwenye Tume mwaka 2019.

Nahodha wangu hayo ya Tume hana habari nayo. Ila akiona mvuke umeruka juu ya maji, huzima injini kabla sijamwambia, na vipokea sauti huvaa yeye kwanza.