Msimbopau Haujaficha 666

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi miaka nenda miaka rudi: kwamba msimbopau, ile mistari iliyochapwa kwenye bidhaa, umeficha namba 666, ile ya mnyama katika kitabu cha Ufunuo kwenye Biblia. Eti zile jozi tatu za mistari, mwanzoni, katikati na mwishoni, kila moja ni sita.

Si kweli. Jozi hizo hazibebi tarakimu yoyote; ni alama za mpaka, zinazoijulisha skana msimbo unapoanzia, unapogawanyika na unapoishia. Teknolojia hii ilianza kutumika dukani Juni 26, 1974, huko Troy, Ohio, Marekani, kwa pakiti ya chingamu.

Anayeingiwa na hofu namwelewa, maana zinafanana kweli: tarakimu 6 katika nusu ya kulia huchorwa kwa mistari miwili myembamba. Ila hiyo 6 ina pia nafasi nyeupe pana, nayo ni sehemu yake. Kila tarakimu huchukua vizio 7 vya upana. Alama ya mpaka wa pembeni, 3 tu. Tafuta bidhaa yenye 6 upande huo, ulinganishe mwenyewe.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Unawatisha watu bure.