Utume wa Kanisa la Kilutheri Nyanda za Juu Kusini: Kazi Ni ya Nani na Funguo Anashika Nani

Swali ninaloulizwa sana, kuanzia kwenye daladala za Kihesa mpaka kwenye semina za wazee wa kanisa kule Njombe, ni hili: hivi Walutheri hela za kujenga hospitali na shule wanatoa wapi, si wanaletewa na wazungu? Halafu linafuata la pili, kama wanaletewa mbona tukienda hospitalini kwao tunalipa? Ni maswali halali kabisa na sisi tunaofundisha na kufanya kazi upande wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, tuna wajibu wa kuyajibu vizuri, maana mtu asipojibiwa anajijibu mwenyewe, na jibu analojipa ndo hilo linalozunguka mtaani.

Tuanze na historia kidogo kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini nasema kazi hii ni ya watu wa huku huku. Mwaka 1891 wamisionari wa misheni ya Berlin, Ujerumani, wakiongozwa na Alexander Merensky walipita Ziwa Nyasa wakaingia nchi ya Wanyakyusa, mwaka uleule Wamoravian nao wakaingia Rungwe, na ndo maana mpaka leo ukiwa Tukuyu unakuta makanisa haya mawili yamekaa jirani kama ndugu. Kutoka kule Unyakyusani, walikokuita Konde, vituo kama Manow na Mwakaleli, Waberlin wakapanda kwa Wakinga, Bulongwa na Tandala, wakaenda Ubena, Kidugala na Ilembula, wakafika mpaka Uhehe ambako kuna kituo walikiita Pommern kwa jina la jimbo la kwao, sisi tunasema Pomerini.

Sasa sikiliza hapa. Vita Kuu ya kwanza ilipofika huku wale Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Wote. Kwa miaka kadhaa hakukuwa na mmisionari wa Berlin hata mmoja, Waskoti wa misheni ya Livingstonia ya upande wa Malawi walikuja kusaidia lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lote hili. Nani alibatiza watoto, nani alifundisha kipaimara, nani alizika? Walimu na wainjilisti wenyeji, Wakinga, Wabena, Wanyakyusa, Wahehe, wengi wao bila mshahara wowote, wanalima wiki nzima halafu Jumapili wanasimama mbele ya watu. Wajerumani wakarudi miaka ya 1920, mwaka 1939 vita ya pili ikaanza wakawekwa tena kizuizini, na mambo yakawa yaleyale, safari hii wakisaidiwa na Walutheri wa Sweden na Marekani. Kwa hiyo anayesema kanisa hili ni la wazungu nampa pole, hajui kwamba lilishaachwa mikononi mwa babu zetu mara mbili na halikufa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa 7 ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, watu wa kusini hawakuletewa kitu kipya, waliingia na kazi yao mkononi.

Na hili la kanisa kuhudumia jamii halikuanza Afrika. Mwaka 1523, miaka 6 tu baada ya Martin Luther kuanza kule Wittenberg, Ujerumani, ule mjadala uliozaa Ulutheri, kuna mji mdogo unaitwa Leisnig ambao kwa ushauri wake ulianzisha sanduku la pamoja la usharika. Mapato ya kanisa yanaingia humo, yanalipa mchungaji na mwalimu wa shule, yanalisha yatima na wazee na wagonjwa, yanakopesha fundi aliyekwama. Ninachokipenda mimi kwenye lile sanduku ni kufuli zake: zilikuwa 4, na funguo zilikaa kwa makundi 4 tofauti, wakabaila, baraza la mji, wenyeji wa mji na wakulima. Mkulima alishika ufunguo! Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Mama zetu wa VICOBA hawahitaji kuelezwa zaidi, sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, siku ya kikao lazima wote wafike. Huo ndo ulutheri kwenye hela. Mimi nikitaka kujua kama mradi wa kanisa uko salama naangalia kwanza funguo ziko kwa nani.

Turudi kwenye hospitali. Huku kwetu KKKT ina Ilembula kule Wanging'ombe, Bulongwa kule Makete, Itete kule Busokelo, Matema pale ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Ilula kule Kilolo, ukiacha vituo vya afya na zahanati. Ukiangalia ramani utaona nyingi hazikujengwa mjini, zilijengwa kule ambako mama mwenye uchungu wa kujifungua angebebwa kwa machela kutwa nzima. Hospitali kama hizi haziendeshwi na hela ya nje peke yake, hili watu hawalijui. Kanisa ni mmiliki. Serikali inaweza kuweka watumishi wake na kulipa mishahara yao, inaweza kupeleka sehemu ya mfuko wa pamoja wa afya na dawa, kwa makubaliano, na tangu mwaka 1992 makanisa ya CCT, yaani Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na ya Kikatoliki yana tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC, inayosimamia mazungumzo hayo na serikali. Kinachobaki kinalipwa na mgonjwa au bima yake, na kinapopungua ndo wanaombwa marafiki wa nje. Sasa pale ambapo hakuna mkataba wa huduma na halmashauri, ile sera ya mama mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiye na uwezo kutibiwa bure inakuwa ngumu kutekelezwa, maana hakuna anayerudisha gharama. Kwa hiyo kabla hujailaumu hospitali muulize diwani wako: mkataba upo? Unatekelezwa? Hilo ni swali la raia, na kwa Mkristo ni la kiimani pia.

Eneo ambalo naona utume wetu umepimwa kweli kweli ni UKIMWI. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022-23 zinasema maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Makete ilishazika kizazi. Kuna vijiji ambavyo bibi alibaki na wajukuu sita saba wa watoto wake watatu. Na niseme ukweli kwa uchungu, siku za mwanzo mimbari nyingi, za madhehebu yote, zilihubiri hukumu, mgonjwa akaambiwa ni mshahara wa dhambi, mjane akafukuzwa kwenye nyumba aliyojenga na marehemu. Walioanza kubadilisha mambo hawakuwa wakubwa, walikuwa akina mama wa jumuiya waliochukua sabuni na uji wakaingia nyumba ambazo ndugu wa damu walishaacha kuingia, wakaosha wagonjwa, halafu wakarudi kanisani wakawauliza wachungaji, ninyi mnakuja lini? Wachungaji wakaenda. Yakaja mafunzo ya huduma majumbani, malezi ya yatima, ada za shule, na dawa zilipopatikana hospitali za kanisa zikafungua kliniki za CTC, yaani za matunzo na tiba kwa wenye virusi vya UKIMWI. Tafadhali lishike hili na umwambie jirani: ARV, yaani dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ni bure, hata kwenye hospitali ya kanisa, hata kama wewe ni Muislamu au huna dini. Hakuna anayeulizwa kadi ya ubatizo.

Shule nitapita haraka. Shule za msingi za kanisa zilichukuliwa na serikali baada ya sheria ya elimu ya 1969, kanisa likajielekeza kwenye sekondari, seminari kama Kidugala, vyuo vya uuguzi, na baadaye Chuo Kikuu cha Iringa ambacho wengi bado wanakiita Tumaini. Ada imekuwa mzigo kwa wazazi, kilio hicho tunakisikia na ni cha haki.

Haya, na nje ya nchi? Hapa ndo pana maneno mengi. Dayosisi ya Iringa ina ushirika unaoitwa Bega kwa Bega na sharika za eneo la Saint Paul, Minnesota, Marekani, usharika wa huku unaunganishwa na usharika wa kule, wanaombeana, wanatembeleana, wanasaidiana ada za wanafunzi. Konde, Njombe na Makete wana urafiki wa muda mrefu na Wajerumani wa Berlin. Ni mambo mazuri, ila yana ugonjwa wake. Usharika unaandika barua mara moja kwa mwaka na barua yote ni mahitaji, bati, pikipiki, kinanda, hakuna hata mstari mmoja unaouliza wale wenzetu wanaendeleaje, wakati na wao wana makanisa yanayobaki na wazee watupu na vijana wenye upweke mkubwa. Upande wa pili kuna mgeni anashusha mashine ya maji ambayo hakuna aliyeiomba, ikiharibika spea yake haipatikani Mafinga wala Makambako, inabaki pale nyuma ya kanisa inaota kutu. Kote kuwili tatizo ni lilelile, ufunguo umeshikwa na upande mmoja.

Na sisi tunatoa pia, hili lisemwe kwa sauti. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lililoanzishwa Lund mwaka 1947, ulifanyika Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huohuo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika ni jambo la imani yenyewe, Mkristo hawezi kukaa katikati. Neno hilo lilitoka kwenye ardhi ya Tanzania. Kabla yake, 1964, lilianzishwa TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walijengewa makazi ya Katumba na Mishamo kule Mpanda na shirika hilo likishirikiana na serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kanisa la Kilutheri Malawi lililoanza miaka ya 1980 mizizi yake inaingia Tanzania. Na wachungaji wetu wamehudumu kwenye sharika za Ujerumani na Marekani, wamehubiri, wamezika, wamekaa na wagonjwa wa huko.

Kwa msharika wa kawaida, wewe unayenunua kuku au mkungu wa ndizi kwenye mnada baada ya ibada kwa bei mara tatu ya sokoni, hiyo hela ni utume, usiione ndogo. Lakini usiishie kwenye kutoa. Kwenye mkutano mkuu wa usharika omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, kisha uliza fungu la diakonia ni shilingi ngapi na lilimfikia nani, bila kutaja majina ya wagonjwa hadharani. Kama mna marafiki wa nje omba barua yao isomwe kwa Kiswahili na jibu lijadiliwe na baraza la wazee, vijana na umoja wa wanawake wawepo, siyo mchungaji na katibu peke yao. Kama kuna mjane, yatima au mgonjwa jirani yako anza kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yako, yeye atafikisha kwa mwinjilisti na kwa idara ya diakonia ya jimbo, na kama wewe siyo Mlutheri nenda tu, mlango ni huohuo.