Kufunga ukiwa na uzito mkubwa: nini kinabadilika mwilini na nini cha kuangalia kabla

Kila Ramadhani ikikaribia wagonjwa wangu wenye uzito mkubwa wananiuliza kitu kilekile, dokta, mwezi huu si nitapungua? Utapungua ndio, ila kidogo. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha wastani wa kilo 1 na ushee hivi kwa mwezi mzima, na wiki chache baada ya Idi wengi wanakuwa wamerudi palepale. Kwa hiyo ukifunga huku unaitegemea mizani tu utakata tamaa bure, na mi inaniuma kwa sababu faida kubwa ziko ndani ya mwili.

Ukikaa bila kula masaa kumi na zaidi, sukari iliyowekwa akiba kwenye ini inaelekea kuisha, insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) inashuka, na mwili unageukia mafuta. Sasa mtu mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 kwenda juu mara nyingi insulini yake iko juu karibu muda wote na mwili wake hauitikii vizuri, ndo maana hayo masaa yanamsaidia kuliko mtu mwembamba: kwenye tafiti asilimia ya mafuta mwilini inashuka kwa wanene, kwa wenye uzito wa kawaida haishuki kwa kiasi cha maana. Presha nayo inashuka. London mwaka 2019 watafiti wa Imperial College waliwapima waumini kabla na baada ya Ramadhani wakakuta namba ya juu imeshuka kama 7, ya chini kama 3, na hakukutokana na kupungua uzito peke yake. Kwa mtu ambaye presha yake inacheza kwenye 140 hiyo sio ndogo hata kidogo.

Kinachoharibu kazi yote ni usiku. Mtu anafuturu vya kukaanga na juisi ya sukari, anaendelea kula kidogo kidogo mpaka saa sita, analala amevimbiwa, daku anairuka kwa sababu bado ameshiba, alafu usingizi wenyewe umekatika katika, na ukilala vibaya njaa ya kesho inakuwa kali zaidi na insulini inafanya kazi vibaya. Mi nasema fungua kwa maji na kitu kidogo, swali magharibi, ndo ukae kwenye chakula chenyewe, na protini iwepo ya kutosha maana sehemu ya kilo zinazotoka ni misuli. Daku isogeze karibu na alfajiri.

Ila kama una kisukari naomba uje wiki sita mpaka nane kabla, usisubiri mwezi uandame. Utafiti wa EPIDIAR wa mwaka 2001, nchi 13, ulikuta kwa wenye kisukari aina ya 2 sukari kushuka vibaya iliongezeka zaidi ya mara 7 ndani ya Ramadhani. Kwa dawa za kisukari, metformini kwa kawaida tunapanga tu muda, lakini glibenklamaidi na insulini ya sindano dozi lazima iangaliwe upya, na dawa za presha za kukojoza pia, maana mchana hunywi maji. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, pima bila wasiwasi! Ikiwa chini ya 3.9 au imevuka 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), fungua hapohapo, hata kama imebaki nusu saa. Ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185, haikuwekwa kwa watu dhaifu wa imani. Na waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili wapungue uzito wasubiri angalau mwaka, ikiwezekana mwaka na nusu.

Wakristo wa Orthodoksi kwao mfungo ni zaidi kuacha nyama, maziwa na mayai, Ethiopia ukijumlisha ni zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Hapo shida ni wanga kujaza nafasi ya protini, kwa hiyo maharage na dengu ziwe kwenye kila mlo.

Baada ya Idi, kama mwili ulikubali, kufunga sita za Shawwal (siku sita za mwezi unaofuata Ramadhani) kisha Jumatatu na Alhamisi ni njia nzuri ya kulinda ulichopata badala ya kusubiri mwaka mwingine. Ila mpango wa dawa tuliopanga Ramadhani utumie na siku hizo pia, watu wanasahau wanameza dozi ya kawaida asubuhi alafu wanafunga.