Kreifishi wa Naivasha: Osha kwa Maji Safi, Chumvi Iache Ya Mchuzi

Siku hizi simu nyingi zinazoingia kwa ofisi yetu ya uvuvi ni za swali moja tu: nimenunua kreifishi (yule kamba wa maji baridi mwenye makucha) pale Karagita ama Kamere, kwa fuo za Ziwa Naivasha, nimefika nao nyumbani nusu wamekufa, sasa naosha vipi na hawa waliokufa bado wanalika? Tumeona tuandike hapa ili kila mtu asome.

Waliokufa hawaliki. Kreifishi akifa kabla hajaingia sufuriani unamtupa, hata kama ni asubuhi hii tu amekufa, manake juisi za tumbo lake zinaanza kula nyama ya mkia kutoka ndani na bakteria wanazaana haraka, na kuchemsha sana hakurudishi nyama iliyoharibika. Tafadhali msitupigie tena mkiuliza kama limau itasaidia.

La maana zaidi ni kwa nini wanakufa. Wengi wanawatia kwa ndoo ya maji wakidhani ni samaki, wanafunga kifuniko, wanapanda matatu mpaka Nairobi. Kreifishi anapumua kwa mashavu kama ya samaki (matamvua), na mashavu yakiwa na unyevu anavuta hewa vizuri tu akiwa nje, lakini kwa maji yaliyosimama ndani ya ndoo oksijeni inaisha na wote wanakufa pamoja. Wabebe kwa gunia lenye maji maji ama kikapu, barafu iwe kando na isiwe juu yao, na usiwarundike mpaka wa chini wanapondwa.

Sasa chumvi. Kuna hii imani kwamba ukiwatia kwa maji ya chumvi wanatapika uchafu wote wa tumboni. Huko Louisiana, Marekani, ambako aina hii ndiko kwao na wanaliwa kwa magunia, wataalam wa chuo kikuu walishalipima hilo wakakuta chumvi haisafishi utumbo. Inaosha ngozi ya nje tu, kazi ambayo maji ya kawaida yanafanya bure, na ukiwaacha humo muda mrefu inawaua, halafu unarudi kwa lile swali la waliokufa. Kinachosafisha tumbo kweli ni kuwaweka siku moja au mbili kwa maji safi yanayotembea, bila chakula. Kama nyumbani huna hayo maji yanayotembea, usijisumbue, utumbo wa mkiani utautoa kwa mkono kama tunavyoeleza hapa chini.

Wamwage kwa karai pana, chagua majani na wafu, mimina maji baridi safi, koroga na mwiko, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Maji ya kwanza yatakuwa rangi ya chai, hio ni tope ya mashimo yao, isikutishe. Kisha waweke kwa friza kama dakika ishirini wafe ganzi. Mshike mmoja mgongoni, nyuma ya makucha, hapo hakufikii. Mwisho wa mkia kuna vipande vitano kama kipepeo, shika kile cha katikati, kizungushe kushoto, kulia, halafu vuta polepole. Utatoka uzi mweusi mrefu, huo ndio utumbo. Ukikatika uache, utautoa baada ya kupika.

Naivasha iko juu, karibu mita 1,900, na maji huku yanachemka kama kwa nyuzi 94, kwa hivyo ongeza dakika. Watie maji yakiwa yanatokota, yakirudi kutokota hesabu dakika kumi. Nyama iwe nyeupe na ngumu, isiwe ya kung'aa kama kioo. Kreifishi mbichi anaweza kubeba minyoo inayokaa kwa mapafu ya binadamu, kwa hivyo habari ya kuonja nusu mbichi hapana kabisa. Yale mafuta ya manjano ya kichwani yanatoka kwa kiungo kinachofanya kazi kama ya ini, na sumu ya ziwani hukusanyika hapo. Sisi tunashauri ule mkia.

Kwa wanaouza: leseni ya biashara ya samaki, kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa wa uvuvi kabla mzigo haujatoka ufukweni (sio ukishakamatwa barabarani), na cheti cha afya cha mshika chakula ambacho kinapimwa upya kila miezi 6. Afisa wa afya ana nguvu chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kushika chakula kibovu na kukiharibu, na kesi ikifika kortini ni faini, kifungo au vyote viwili. Kusema hukujua hakusaidii.

Na mkibaki na walio hai, msiwaachilie kwa bwawa la shamba wala mto. Hawa waliletwa Naivasha mwaka wa 1970 kwa biashara, wakala majani ya ziwa na kuharibu kingo kwa kuchimba, na leo wako mpaka mto Ewaso Ng'iro. Kumwaga kiumbe mgeni kwa maji bila idhini ni kosa, hata kama ni watatu tu na ulikuwa unawaonea huruma. Wape friza, wafe ganzi, wachemshe, na maganda yafukie shambani.