Ofseti ya rimu, na kazi halisi ya speisa

Geuza rimu ya aloi uitazame upande wa nyuma, utakuta namba: 17x7, kisha ET48. Zile mbili za mwanzo kila mtu anazijua, ni kipenyo na upana kwa inchi. Hiyo ET ndiyo inayorukwa dukani, na ndiyo inayoamua tairi litakaa wapi chini ya madigadi. Herufi zenyewe ni kifupi cha neno la Kijerumani, Einpresstiefe. Kwa mafundi inajulikana zaidi kama ofseti, nayo hupimwa kwa milimita.

Ifikirie rimu imepasuliwa katikati ya upana wake, nusu ya ndani na nusu ya nje. Pale panapopasuka ndipo sifuri. Sasa tafuta uso wa rimu unaolala juu ya habu (kile kitovu cha gari kinachozunguka na kufungiwa rimu), pale nati zinapobana. Uso huo ukiwa umesogea milimita 48 kuelekea upande wa nje wa gari, ofseti ni 48, na sehemu kubwa ya rimu inazama ndani. Namba ikishuka, tairi linatoka nje. Hapa wengi hukosea, maana masikio yamezoea kwamba namba kubwa ni kitu kinachojitokeza zaidi.

Tuchukue Toyota GT86, gari dogo la spoti lililotoka 2012 pamoja na ndugu yake Subaru BRZ. Kwenye toleo la rimu za inchi 17 limevaa 17x7 ET48 na matairi ya 215/45R17. Matundu ya kufungia ni matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Mwenye gari anataka rimu ya inchi 8. Ameongeza inchi moja, yaani milimita 25.4, lakini inchi hiyo haitoki nje yote. Akibaki na ET48, nusu yake, milimita 12.7, inaelekea nje, na 12.7 nyingine inaingia ndani kulifuata shokapu. Akivalisha na tairi la upana wa milimita 225 badala ya 215, ubavu nao unaongeza kama milimita 5 kila upande. Rimu ikiwa ET35, hesabu inabadilika kabisa: ukingo wa ndani unabaki karibu palepale ulipokuwa, na ule wa nje unasogea karibu milimita 26. Upana uleule, tairi lilelile, ila la kwanza linaweza kukwaruza shokapu na la pili linaweza kukwaruza madigadi. Ndiyo maana mtu akiniuliza "inchi 8 itaingia?" siwezi kumjibu kabla hajaniambia ET.

Speisa inaingia hapa. Ni bamba la chuma au aloi linalokaa kati ya habu na rimu, na kimahesabu kazi yake ni moja tu: kupunguza ofseti. Weka speisa ya milimita 15 kwenye rimu ya ET48, umepata ET33.

Kwa hiyo ile kauli ya gereji kwamba speisa zinaua beringi lakini rimu pana hazina neno, siikubali. Beringi haioni kilichopo kati. Inachohisi ni umbali wa tairi kutoka kwake, kama mkono unavyolemewa na ndoo ukiinyoosha mbali na mwili. ET33 ya rimu moja nzima na ET33 ya rimu yenye speisa zinailemea kwa kiasi kilekile. Stelingi pia: tairi la mbele likitoka nje, kila shimo na kila mchanga wa pembeni unapata nguvu zaidi ya kuvuta usukani, hasa ukifunga breki tairi moja likiwa kwenye changarawe. Anayetaka gari lililojaza madigadi (na mimi napenda sana muonekano huo) ajue analipia hapo, kwa njia yoyote atakayotumia.

Tofauti ya kweli ya speisa iko kwenye ufungaji, na hapa ndipo sitaki mtu abahatishe. Gari halining'inii kwenye studi, zile bolti za habu zinazoshika nati. Linabebwa na msuguano kati ya uso wa rimu na uso wa habu, na msuguano huo unatokana na nati kubana. Speisa inaongeza nyuso nyingine mbili za kugusana, kwa hiyo kutu, rangi au mchanga uliobaki pale utasagika taratibu na nati zitalegea zenyewe. Piga brashi ya waya mpaka chuma kionekane safi. Pia usibandike speisa mbili pamoja.

Halafu urefu wa studi. Kanuni ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa studi. GT86 ina studi za milimita 12 zenye hatua ya uzi ya 1.25, yaani nati inasogea milimita 1.25 kila mzunguko, kwa hiyo nati izunguke kama mara 10 kamili kabla ya kukaza. Ukihesabu mara 6, hiyo speisa itoke, au ufunge studi ndefu. Speisa za milimita 20 na zaidi mara nyingi huja na studi zake: unaifunga kwanza kwenye habu, kisha rimu juu yake. Hizo ni nzuri zikiwa na shingo ya katikati inayoingia kwenye tundu la 56.1 la rimu. Speisa bapa isiyo na shingo inaweza kuficha shingo ya habu (ule ukingo wa duara unaoingia kwenye tundu la katikati la rimu), rimu ikakosa cha kuikalisha katikati, na gari likatetemeka kwenye mwendo hata baada ya balansi tatu.

Ujerumani wanalichukulia jambo hili kwa uzito: speisa zinatakiwa ziwe na hati zake, na mara nyingi gari lipite kwa wakaguzi kama TÜV kabla ya kuwa halali barabarani. Kwako nyumbani ukaguzi ni wewe. Gari likiwa chini, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu. Pakia watu wanne, pita tuta polepole, kisha tafuta alama za kung'aa kwenye plastiki ya ndani ya madigadi. Ukishatembea kama kilomita 100, rudia kukaza nati zote, na kwa GT86 kipimo ni 120 Nm (newtonmita), kwa spana inayopima nguvu.