Kunakili si kughushi

Duka kubwa la nguo likitoa gauni linalofanana na la mbunifu mdogo, utasikia neno moja tu: feki. "Wanauza feki ya gauni lake." Hapana. Feki ni kitu kilichobandikwa jina lisilo lake, kama mkoba wa mtaani wenye nembo ya Louis Vuitton. Gauni la duka lina lebo ya duka lenyewe, na mnunuzi anajua fika amenunua wapi. Hiyo ni nakala. Huenda ikawa wizi, ila feki siyo.

Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani. Ghushi ni neno la asili ya Kiarabu, na huko kwao linahusu udanganyifu wa kuchanganya kibaya na kizuri, mfano wa muuza maziwa anayezidisha maji. Anayepunjwa ni mnunuzi. Nakili nalo limetoka Kiarabu, lakini mzizi wake ni kuhamisha, kukitoa kitu hapa na kukipeleka pale. Ndio huohuo Waarabu wanaoutumia kwa usafirishaji wa mizigo. Hapo mnunuzi hajadanganywa, aliyehamishiwa mali yake ni mbunifu. Ndiyo maana hata sheria ni mbili: kughushi kunakamatwa na sheria ya alama za biashara, kunakili kunaangukia hakimiliki au ulinzi wa miundo, yaani umbo na mwonekano wa bidhaa. (Hataza, yaani patent, ni kitu kingine tena. Marekani hutoa hataza ya muundo ya miaka 15, lakini kuipata mara nyingi huchukua zaidi ya mwaka, na mtindo unakuwa umeshapitwa.)

Wabunifu wa Marekani katika miaka ya 1930 walijaribu neno kali zaidi, uharamia wa mitindo. Chama chao kikayagomea maduka yaliyouza nakala. Mwaka 1941 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba waliovunja sheria ni wao wagomaji, kwa kuzuia ushindani.

Tatizo la kuita kila kitu feki linaonekana ukilifumua gauni lenyewe. Mkato, kola na urefu wa mkono havina hakimiliki Marekani, kwa sababu nguo huhesabiwa kuwa kifaa cha matumizi. Maua yaliyochapwa kwenye kitambaa yanayo, mradi yanaweza kusimama peke yake kama mchoro. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2017 katika kesi ya sare za washangiliaji wa michezo (cheerleaders). Kwa hiyo duka lenye mwanasheria mzuri huchukua mshono na kuyaacha maua. Umoja wa Ulaya, chini ya ulinzi wa miundo, hata mshono unalindwa bila kusajiliwa, ila kwa miaka 3 tu tangu uonyeshwe hadharani, na ni dhidi ya kunakiliwa tu. Ukisajiliwa unaweza kufika miaka 25, lakini ombi lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu kuonyeshwa. Wengi hukosea hapo: wanapandisha picha mtandaoni, oda zinaingia, mwaka unakatika.

Kuna na ile hadithi ya asilimia 30, eti ukibadilisha kiasi hicho uko salama. Hakuna sheria hiyo, si Marekani wala Ulaya. Kwenye hakimiliki kinachopimwa ni ulichochukua. Kubadilisha rangi na kuongeza zipu hakufuti maua ya mtu.

Sasa mbunifu anapomwandikia duka kwamba "mnauza feki zangu", anampa mwanasheria wao jibu jepesi: jina lako halimo popote kwenye nguo yetu. Na ni kweli, halimo. Afadhali aandike kwamba mchoro wake umenakiliwa, aambatanishe faili la awali lenye tarehe na tabaka zote za kuchorea (layers), si picha ya mwisho peke yake, kisha aweke vitambaa viwili ubavu kwa ubavu na kuzungushia makosa yanayofanana. Jani ambalo ncha yake ilikatika kwa bahati mbaya kwenye mchoro wake, likionekana limekatika palepale kwenye gauni la dukani, lina nguvu kuliko maua yote kumi yaliyochorwa vizuri. Maua mazuri kila mtu anaweza kuyachora.